Jukwaa Haliuzwi: Mwongozo Kamili wa Kupata Watoa Mada na Wadhamini wa WordCamp

WordCamp ni mkutano wa jamii ya watu wanaotengeneza na kutumia tovuti za WordPress, programu huria ya kuundia na kuendeshea tovuti: waandishi wa kodi (yaani maagizo ya kompyuta), wabunifu, wanablogu, wenye maduka ya mtandaoni, na hata yule mwalimu aliyekabidhiwa tovuti ya shule bila ya kuiomba. Wa kwanza ulifanyika San Francisco mwaka 2006, miaka mitatu baada ya WordPress yenyewe kutolewa, na tangu hapo mikutano ya aina hiyo imeandaliwa na watu wa kujitolea katika miji mingi duniani, ikiwamo Nairobi na Kampala. Mwongozo huu ni wa kamati ya Afrika Mashariki inayotaka kuandaa mkutano kama huo na sasa imefika kwenye kazi mbili nzito kuliko zote, yaani kuwapata watakaozungumza na kuwapata watakaolipia gharama.

Ugumu ni kwamba kazi hizo hufanyika kwa wakati mmoja na huwagusa watu walewale. Kampuni inayohifadhi tovuti ina fedha za kudhamini, na ina mafundi wenye mengi ya kufundisha. Basi ofisa masoko wake anaposema atatoa mchango mkubwa ikiwa mkurugenzi atapewa nusu saa jukwaani, kamati yenye deni la ukumbi hushawishika haraka. Isikubali. Aliyepanda basi kutoka Morogoro au Nakuru kuja kujifunza hutambua tangazo la biashara mapema sana, na mwakani harudi. Mdhamini aliyeelezwa tangu mwanzo kwamba nafasi ya kuzungumza haiuzwi, kisha akapewa kitu kingine chenye thamani, huwa na sababu nzuri zaidi ya kurudi.

Hatua ya 1: Yajueni masharti kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Jina la WordCamp halitumiwi kiholela. Alama ya biashara ya WordPress inamilikiwa na WordPress Foundation, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2010, na anayetaka kuandaa WordCamp huomba kibali kwa timu ya jamii ya WordPress, huku akitarajiwa kuwa na kikundi cha mji wake ambacho tayari kinakutana mara kwa mara. Kama kikundi hicho hakipo, anzeni nacho, kwa sababu ndicho kitakachowapa watoa mada wa kwanza.

Masharti yanayohusu mada na udhamini ni machache, lakini yana uzito. Waandaaji na watoa mada hujitolea, hawalipwi. Mada haitumiki kunadi bidhaa wala huduma. Anayedhamini, na vilevile anayezungumza, akiwa anasambaza thimu (mionekano ya tovuti) au plagini (programu za nyongeza) za WordPress, anapaswa kuzisambaza kikamilifu chini ya leseni ya GPL, ile inayompa kila mtumiaji haki ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Aidha, mdhamini hatakiwi kuwa na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lenye neno "wordpress" ndani yake, wala kukiuka kanuni za mwenendo zinazokataza ubaguzi na unyanyasaji.

Sharti la GPL si la kupuuzwa. Mwaka 2013 lilizua mjadala mkubwa kwa sababu watu waliouza thimu zao katika soko la ThemeForest kwa leseni ya mchanganyiko, yaani sehemu tu ikiwa chini ya GPL, hawakuruhusiwa kuzungumza, na mjadala huo ulimalizika kwa soko lenyewe kuwapa wauzaji chaguo la kuuza kwa GPL kamili. Kwa hiyo, kabla ya kumsifu mtu kwa barua ya mwaliko au kumwomba fedha, tembeleeni tovuti yake na kusoma anauza nini na kwa leseni ipi. Ni kazi ya robo saa, nayo inaepusha aibu ya kuufuta mwaliko baada ya jina lake kutangazwa.

Hatua ya 2: Igawanyeni kamati

Undeni timu mbili, moja ya watoa mada na nyingine ya udhamini, na mtu asiwe katika zote mbili. Timu ya udhamini isishiriki katika kupiga kura za mada, na timu ya mada isioneshwe nani ameahidi kiasi gani mpaka ratiba itakapotangazwa. Mwenyekiti wa kamati anaweza kujua yote, lakini yeye pia asipige kura. Mdhamini akimpigia simu rafiki yake aliye katika timu ya mada, jibu ni rahisi na la kweli: fomu iko wazi kwa wote, nasi hatujui aliyetoa fedha ni nani.

Suala la mgeni rasmi liamuliwe mapema vilevile, kwa maana katika nchi zetu litajitokeza tu. Ofisa wa wizara au wa mamlaka ya mawasiliano anaweza kualikwa kwa heshima zote, akasalimia kwa dakika tano baada ya mkutano kufunguliwa. Hata hivyo, mada ya kwanza isimsubiri. Andikeni katika barua yake kwamba mkutano unaanza saa 3:00 asubuhi na kwamba salamu zake zitapokelewa wakati wowote atakapowasili, kabla ya chai au baada yake. Mtoa mada aliyejiandaa kwa miezi miwili asinyang'anywe nusu ya muda wake kwa sababu ya msafara ulionaswa kwenye foleni.

Hatua ya 3: Tangazeni wito wa mada, kisha watafuteni watu

Wito utolewe miezi minne kabla ya mkutano na ubaki wazi kwa wiki tano au sita. Fomu iwe fupi: jina, mahali anapotoka, kichwa cha mada, maelezo ya maneno kama mia na hamsini, hadhira anayoilenga, lugha atakayotumia, na mambo mawili au matatu ambayo msikilizaji ataweza kuyafanya akirudi nyumbani. Swali hili la mwisho ndilo linalochuja kuliko yote. Asiyeweza kulijibu bado hajajua anataka kusema nini.

Linganisheni maombi mawili ya mada moja. La kwanza linasema: "Nitazungumzia umuhimu wa usalama wa tovuti katika zama hizi za kidijitali." La pili linasema: "Nitaonesha hatua kwa hatua jinsi nilivyoisafisha tovuti ya duka iliyodukuliwa kupitia plagini ya zamani: namna ya kutambua faili zilizoongezwa, kurejesha nakala iliyohifadhiwa, kubadilisha nywila zote na kuzuia udukuzi huo usirudi." Mwandishi wa pili anaweza kuwa kijana asiyejulikana hata kidogo, na wa kwanza akawa na kampuni yenye ghorofa mjini, lakini mada ya kusikilizwa ni ya pili.

Kutangaza peke yake hakutoshi. Wito uliowekwa katika makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao huwaleta watu walewale waliozungumza mwaka jana. Waliobaki hufuatwa. Nendeni vyuoni, ongeeni na vikundi vya wasichana wanaojifunza kodi, mpigieni simu mtu anayeendesha tovuti ya habari ya mkoa, mwulizeni fundi wa Mwanza au Kisumu ni tatizo gani lililomkosesha usingizi mwaka huu. Wengi watajibu kwamba wao si wataalamu. Hapo waambieni ukweli, kwamba wengi wa watakaohudhuria ni wanaoanza, na anayekumbuka vizuri shida za mwanzo huwafundisha vyema kuliko bingwa aliyezisahau. Inafaa pia kufanya mkutano mmoja wa kikundi, wiki mbili baada ya wito kutoka, ambapo kila mwenye wazo huketi na mzoefu mmoja na kuondoka akiwa ameijaza fomu.

Lugha nayo ielezwe waziwazi katika wito. Mada za Kiswahili zikaribishwe kwa uzito sawa na za Kiingereza, na zisisukumiwe kwenye chumba kidogo mwishoni mwa siku. Fundi anayeeleza hifadhidata kwa Kiswahili safi huulizwa maswali mengi, kwa sababu anayeuliza hahofii kukosea lugha.

Jambo moja zaidi liandikwe ndani ya tangazo lenyewe: hakuna posho. Katika mazingira ambako warsha na semina nyingi huambatana na bahasha, kunyamaza juu ya hilo ni kuahidi. Andikeni kwamba mtoa mada atapata tiketi ya kuingia, chakula na shukrani, na kwamba nauli na malazi ni juu yake au mwajiri wake.

Hatua ya 4: Chagueni kwa haki, jibuni kwa adabu

Mhusika mmoja aondoe majina na kampuni kwenye maombi, kisha watu watatu hadi watano wasome kila ombi na kulipatia alama kwa vigezo vitatu tu: je, somo linaihusu hadhira yetu, je, mwombaji amelifanyia kazi yeye mwenyewe, na je, msikilizaji ataondoka na kitu. Majina yarudishwe baada ya alama, ili kuangalia kama ratiba ina wanawake na wanaume, wazoefu na wageni, mafundi na wasio mafundi, na watu wa nje ya jiji. Mada mbili zikikaribiana kwa alama, mchukueni yule ambaye hajawahi kupata nafasi.

Mwombaji anayefanya kazi kwa mdhamini apimwe kama wengine. Akipita, apite kwa mada yake. Akikosa, akose bila ya mtu kupiga simu.

Wasiochaguliwa waandikiwe siku ileile wanayoandikiwa waliochaguliwa, kwa barua inayosema kwa ufupi kilichopungua na kuwaalika kuzungumza katika mkutano wa kikundi wa mwezi unaofuata. Wawili au watatu waombwe wawe akiba, kwa kuwa kuna atakayeugua na kuna atakayeitwa kazini. Ukimya ndio unaowakimbiza watu, na jamii zetu za teknolojia hazina watu wa kupoteza.

Hatua ya 5: Pangeni bajeti kwanza, viwango vya udhamini baadaye

Kamati nyingi huanza kwa kubuni majina ya viwango, kisha hutafuta matumizi ya fedha. Anzeni upande wa pili. Orodhesheni kinachohitajika ili watu wakae, wasikie, waone na wale: ukumbi, chakula, vipaza sauti, projekta, intaneti, mafuta ya jenereta, vitambulisho, kurekodi video. Tuseme mnategemea watu 120 Dar es Salaam na chai pamoja na chakula cha mchana ni shilingi 25,000 kwa mtu. Hapo tayari ni shilingi 3,000,000, bila ya ukumbi. Tiketi za WordCamp huwekwa bei ya chini kwa makusudi, hivyo zitagharamia sehemu ndogo tu. Kilichobaki ndicho cha kuwaomba wadhamini.

Gaweni matumizi katika mafungu mawili: yale ambayo bila hayo mkutano haufanyiki, na yale ya kupendeza. Fulana ziko katika fungu la pili, ingawa kila mtu huzitaja kwanza. Msisaini chochote cha fungu la pili kabla fedha za fungu la kwanza hazijaingia kwenye akaunti.

Ulizeni pia juu ya misaada isiyo ya fedha. Chuo kikuu kikitoa ukumbi, mmepunguza gharama kubwa pengine kuliko zote. Mtoa huduma wa intaneti anaweza kuleta laini ya siku moja na fundi wake. Msaada wa namna hiyo utathminiwe kwa bei ya soko na mtoaji wake awekwe katika kiwango kinacholingana nao, asionekane mdogo kwa sababu hakuleta hundi.

Hatua ya 6: Amueni mtakachompa mdhamini

Viwango vitatu vinatosha, viitwe Dhahabu, Fedha na Shaba au vyovyote mpendavyo, na cha chini kiwe ndani ya uwezo wa duka dogo la usanifu lenye wafanyakazi wawili. Mnachoweza kutoa kwa haki ni hiki: nembo kwenye tovuti ya mkutano na kwenye bango la mapokezi, tangazo la shukrani, idadi fulani ya tiketi, na meza mahali ambapo watu watapita. Meza ndiyo yenye thamani kuliko nembo zote. Ikiwa karibu na chai, ikiwa na umeme na viti viwili, ofisa wa kampuni atazungumza ana kwa ana na watu wanaonunua huduma kama zake, jambo ambalo tangazo la redio haliwezi kumpa.

Yasiyotolewa yaandikwe pia, kwenye karatasi ileile. Hakuna nafasi ya kuzungumza. Hakuna haki ya kuwazuia washindani wasidhamini. Na hakuna orodha ya barua pepe au namba za simu za waliohudhuria. Hili la mwisho huombwa mara kwa mara, na wengine hulichukulia kuwa dogo, ilhali ni kosa kwa washiriki na linaweza kuwa kosa la kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mdhamini anayetaka mawasiliano aweke daftari au fomu mezani kwake, aeleze atayatumia kwa kazi gani, na anayependa ajiandikishe mwenyewe.

Hatua ya 7: Ombeni, fuatilieni, andikeni

Tengenezeni orodha ya kampuni zinazonufaika na watu watakaokuja: zinazohifadhi tovuti, zinazouza majina ya vikoa ya .tz, .ke au .ug, za malipo kwa simu, za intaneti, vyuo, na maduka ya usanifu. Mkimfahamu mtu ndani ya kampuni, anzeni kwake, mumwulize ni nani anayeamua na bajeti yake hupangwa lini. Bajeti ya mwaka ikishafungwa, barua hata iwe nzuri kiasi gani haitaifungua.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mfano wa kiini chake ni huu:

"Tunaandaa mkutano wa siku moja kwa watengenezaji wa tovuti wapatao 120 wa mkoa huu, wengi wao wakiwa ndio wanaowachagulia wateja wao mahali pa kuhifadhi tovuti. Tunaomba kampuni yenu idhamini kwa kiwango cha Fedha. Mtapata meza karibu na sehemu ya chai, nembo kwenye bango la mapokezi na tiketi tatu. Mada huchaguliwa na timu tofauti, hivyo udhamini hauhusiani na nafasi ya kuzungumza. Wataalamu wenu wanakaribishwa kujaza fomu ya mada kabla ya kufungwa kwake. Tutafurahi kuja ofisini kwenu wiki ijayo kujibu maswali."

Baada ya siku tano za kazi, pigeni simu. Baada ya wiki mbili, nendeni. Anayesema "tutawajulisha" mara ya tatu wekeni alama ya kukataa, mmshukuru, mwendelee na mwingine.

Mdhamini akikubali, makaratasi huanza, na hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Mhasibu wake atataka ankara, ataulizia namba ya mlipakodi, huenda akakata kodi ya zuio, na huenda akahitaji hati ya manunuzi kutoka idara nyingine. Katika WordCamp fedha kwa kawaida hupitia WordPress Community Support, kampuni tanzu ya WordPress Foundation iliyoko Marekani, nayo ndiyo hutoa ankara. Mwelezeni mhasibu jambo hilo mapema na kwa maandishi, pamoja na gharama za benki za kutuma fedha nje na nani atazibeba. Kwa hali yoyote, mchango wa udhamini usiingie kwenye simu ya mwanakamati, hata kwa usiku mmoja, hata kama mtumaji ndiye anayeomba iwe hivyo kwa urahisi wake.

Hatua ya 8: Watayarisheni watoa mada

Mtoa mada aliyethibitishwa akabidhiwe mlezi mmoja kutoka katika timu. Wiki nne kabla ya siku, mlezi apokee muhtasari; wiki mbili kabla, slaidi; wiki moja kabla, wafanye zoezi kamili kwa sauti, saa mkononi, hata kama ni kwa njia ya simu. Slaidi zenye nembo ya kampuni kwenye kila ukurasa zirudishwe: nembo ikae mara moja, pale anapojitambulisha. Herufi ziwe kubwa, na kodi isizidi mistari kumi kwa mara moja, la sivyo wa nyuma hawataona.

Anayepanga kuonesha jambo moja kwa moja aifunge tovuti ya mfano ndani ya kompyuta yake mwenyewe, isitegemee intaneti ya ukumbi, na awe na picha za kila hatua endapo hata hiyo itagoma. Kamati ilete waya wa HDMI mrefu, adapta za aina zote, soketi za kutosha na kompyuta moja ya akiba yenye slaidi zote. Betri mpya za vipaza sauti zikae mfukoni mwa mshereheshaji.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa 1:30 asubuhi mtu mmoja asimame nyuma kabisa ya ukumbi wakati mwingine anajaribu kipaza sauti na projekta. Jenereta iwashwe na kuzimwa mara moja, umeme ukiwapo. Meza za wadhamini ziwe tayari kabla ya mshiriki wa kwanza kufika, na kila mdhamini awe na mwanakamati anayemfahamu kwa jina wa kumkimbilia. Mabango yao yakae mapokezi na penye chai. Jukwaani liwepo bango la mkutano peke yake.

Mshereheshaji awataje wadhamini wote kwa pamoja asubuhi na jioni, kwa maneno aliyoandikiwa. Mtu wa kadi za muda akae mstari wa mbele: dakika kumi, tano, moja. Mtoa mada akianza kunadi bei na punguzo, mlezi wake anyanyue kadi waliyokubaliana. Akiendelea, mshereheshaji apande, amshukuru, na kufungua maswali. Inahitaji ujasiri, hasa akiwa mtu mzima anayeheshimika, ndiyo maana kila mtoa mada aelezwe utaratibu huo kabla na kuukubali kwa maandishi.

Hatua ya 10: Fungeni hesabu ndani ya wiki mbili

Kila mdhamini apelekewe taarifa fupi: waliohudhuria walikuwa wangapi, picha ya meza yake ikiwa na watu, mahali nembo yake ilipoonekana, na fedha zilivyotumika kwa mafungu. Aulizwe nini hakikumfaa. Watoa mada wapelekewe maoni ya wasikilizaji, yale makali yakiwa yamepitiwa na mlezi kwanza, na video zao ziwasilishwe WordPress.tv, tovuti ya video za mikutano hii, ambako mtu wa Bujumbura au Muscat anayeelewa Kiswahili anaweza kuzitazama bila malipo. Madeni ya ukumbi na chakula yalipwe kabla ya kikao cha tathmini. Kisha majina ya waliokosa nafasi ya kuzungumza yakabidhiwe kwa waratibu wa kikundi cha mji, ili wa kwanza wao apangiwe tarehe kabla ya mwezi kwisha.